Malkia Hakufia Mtoni

Wiki iliyopita tulimzika Papa Kashindi, na sioni haya kusema kwamba padri alipokuwa akisoma maombi, mimi nilikuwa nimekikodolea macho kifuniko cha jeneza nikingoja kifunguke. Sikuwa peke yangu. Niligeuka nikawaona wanawake wa rika langu, mabibi wenye wajukuu, nao wamekikazia macho vilevile, na mmoja wao, Mama Sifa anayeuza samaki wadogo wa ndagala tangu ujana wake, akaninong'oneza: "Faida, minye sitaki kusimama karibu. Weye unajua ile mukono inaanzaka kutokea pembeni." Ikabidi niuume upindo wa kitenge changu nisicheke mbele ya wafiwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetutia hofu ile, na ndiye aliyetufanya tuipende hofu kuliko chakula. Miaka nenda miaka rudi alitunyanyulia wafu kutoka makaburini, na siku yake ilipofika akalala kimya kama mtu yeyote. Nilimkasirikia kidogo kwa hilo.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake, mtaa wetu wa Nyamianda hapa Uvira, kwenye matanga. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani, wanawake wanasonga bugali, wanaume wanabishana kuhusu barabara. Kofia yake, ile kofia ya kahawia yenye ukingo mpana, ilikuwa imewekwa juu ya kiti chake na hakuna aliyethubutu kukikalia. Ndipo Mama Sifa alipopaza sauti kutoka jikoni: "Faida aseme! Kama hatasema Faida, hii si matanga ya Kashindi." Watu wakapiga makofi. Nitafika kwenye yale niliyosema, lakini hayatakuwa na maana kwa mtu ambaye haujui mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba, mwaka ambao walimu waligoma na nyasi zikaota mbele ya mlango wa darasa letu. Habari za baba na mama nitaziacha. Watu wote huanza na baba na mama, na mimi sikulelewa na wao tu. Nililelewa pia na maiti, mamba, na mzee mmoja mwenye kofia.

Shule ilipofungwa nilienda kwa Mama Riziki kumsaidia kukaanga maandazi. Mama Riziki alikuwa mjane mwenye kifua kikubwa na maneno machache, na uani kwake kulikuwa na depo, yaani ghala, ya zamani ya muhogo aliyoigeuza kuwa sinema. Harufu ya muhogo haikutoka kamwe. Hata leo nikipita sokoni penye vikapu vya mihogo iliyochacha, moyo wangu unadunda kidogo, kana kwamba kuna mtu anakaribia kunyongwa. Madirisha yalizibwa kwa magunia na mablanketi, hivyo saa nane ya mchana, jua likichoma mabati ya Nyamianda, ndani kulikuwa giza kabisa. Katikati ya depo ilitundikwa shuka nyeupe. Wenye viti walikaa mbele yake. Nyuma ya shuka, upande wa jiko, tulikaa sisi tunaokaanga, na akina mama wenye watoto wachanga, na yeyote ambaye Mama Riziki alimhurumia. Tuliiona filamu ileile, ila kinyume. Kwetu sisi watu wote wa sinema walikuwa wa mkono wa kushoto. Walikula kwa kushoto, walipiga bastola kwa kushoto, na nilipokuja kuhamia upande wa mbele nilishangaa kuwaona wametengemaa, nikawapenda pungufu kidogo kuliko zamani.

Mashine ya kuonyeshea filamu ilikuwa ya Papa Kashindi. Ujanani mwake aliiendesha katika klabu ya wakubwa wa kiwanda kimoja huko bondeni, upande wa Sange, na kiwanda kilipokufa wale wakubwa waliondoka na friji zao na mbwa wao, wakaiacha mashine pamoja na rundo la filamu za kizamani ambazo hakuna aliyezitaka. Alizileta Uvira juu ya lori la mchele, ameyakalia makopo yake ya filamu njia nzima kama kuku anayeatamia. Zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, za zamani hata kwa wakati ule, zinasema Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa na ambacho, kwa ngurumo za jenereta, hakuna aliyekisikia. Kwa hiyo Papa Kashindi alisimama pembeni ya mashine na kusema kila kitu mwenyewe. Alikuwa mwanamume, mwanamke, simba, mlango unaolia, mvua. Watu hawakuwa wakisema wanaenda sinema. Walisema wanaenda kwa Kashindi.

Na filamu zenyewe zilikuwa za namna gani! Mjukuu wangu, ambaye simu yake inajua kila kitu, amenieleza kwamba hapo mwanzo, filamu zilipoanza tu kusema, huko Amerika hawakuogopa kitu. Baadaye ndipo watu wakubwa walipokaa wakaandika sheria: hili lisionyeshwe, lile lisionyeshwe. Zetu zilitengenezwa kabla ya sheria hizo. Nilipoambiwa hivyo nilijipiga paja kwa furaha, maana nilielewa hatimaye kwa nini zilikuwa tamu vile. Kulikuwa na mwanamke aliyeoga mtoni na hakuna jani lililokuja kumsitiri. Kulikuwa na kuhani wa uwongo aliyewatupa watu kwenye moto wa mlima huku anatabasamu. Kulikuwa na watu waliotupwa kwa mamba, na kamera haikugeuka kando kwa adabu, ilitazama mpaka mwisho, na sisi tulitazama nayo, vidole usoni lakini vimeachana. Kuna watu wanaoona aibu kuyapenda mambo ya namna hiyo. Mimi sioni. Nje ya depo kulikuwa na vitisho vya kweli ambavyo havikuwa na mwisho wala msemaji. Ndani, hofu ilianza, ikapanda, ikaisha, na tukatoka tukiwa wazima, tunacheka, tunanunua maandazi.

Jambo lililotuchekesha kupita yote ni Waafrika wa mle ndani. Walipakwa masizi, wakavishwa mifupa puani, wakapewa kusema lugha ambayo haipo. Nakumbuka siku ya kwanza watu walipowasikia. Depo nzima ilitulia, kila mmoja anatega sikio. "Hiyo iko Kibembe?" akauliza mmoja. "Kibembe ya nani? Muulize Murundi pale." "Minye? Kwetu hatusemake vile!" Wakazunguka Bafuliru, Bavira, Barundi, kila kabila likaikataa, mpaka Papa Kashindi akasema: "Mutulie. Minye naisikia vizuri." Tangu siku hiyo wapagazi wa filamu wakawa watu wetu. Mzungu anaonyesha mbele kwa fimbo, mpagazi anajibu "ugu-bugu", na Papa Kashindi anatafsiri kwa uso mkavu: "Bwana, iyi sanduku yako ya viatu iko nzito, na muguu iko mbili tu. Ingine viatu ni ya nani?" Tulicheka mpaka watoto wachanga wakaamka.

Sheria zetu wenyewe tulikuwa nazo pia, na zilikuwa kofia. Katekista Stefano, mkulima mrefu mwenye sauti ya upole aliyeongoza maombi mtaani kwetu, alikuwa amekubaliana na Mama Riziki kwamba sinema itaendelea mradi mabaya yasionekane. Basi yalipokaribia, Papa Kashindi alivua kofia yake akaiweka mbele ya taa ya mashine. Shuka ikawa nyeusi. Lakini hakuna aliyekuwa ameahidi kunyamaza. "Kofia iko mbele ya mashine," alitangaza. "Hamuoni kitu. Sasa anavua kiatu. Anaweka pembeni. Maji iko baridi, anarudisha muguu. Lo!" Kisha kimya kirefu kiasi cha kumfanya mtu asahau kupumua. Siku moja fundi mmoja aliyekuwa ameiona filamu ileile Bujumbura bila kofia alikuja kutuambia kwamba kule mtoni hakuna cha maana, ni mabega tu. Tulimwonea huruma. Maskini alikuwa ameiona kwa macho.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ni ile tuliyoiita Malkia wa Mamba. Mwanamke mweupe amelelewa na mto, ana mkufu wa meno, mamba wanamtii. Mwindaji anakuja kutafuta dhahabu, anamdanganya kwa mapenzi, anaiba dhahabu, anampiga risasi, naye anaangukia majini. Kopo linaisha. Kopo linalofuata linafunguka kwenye nchi ya theluji, ndani ya jumba kubwa la mawe. Mwindaji sasa ni tajiri, amevaa koti jeusi, na chini ya jumba kuna jeneza. Kifuniko kinasogea. Mkono mweupe unatokea pembeni. Malkia amemfuata mpaka kwake, na hapo, polepole, huku depo nzima imesimama juu ya mabenchi, anamnyonga. Watu walilia kwa furaha. Wanawake walitoka wakitembea wima kuliko walivyoingia.

Mimi nyuma ya shuka nilikuwa na swali langu. Malkia wa mtoni alikuwa na alama nyeusi shavuni. Malkia wa jeneza hakuwa nayo. Na mwindaji alikuwa amerefuka. Nilipomuuliza Papa Kashindi alinitazama chini ya ukingo wa kofia akasema: "Baridi, mutoto yangu. Kule baridi inageuzaka bantu." Sikuridhika. Nilikuwa mwanafunzi asiye na shule, na mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kutaka kusahihisha kitu.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, koo la Papa Kashindi lilikataa. Mwanzo ilikuwa kukwaruza, akatafuna tangawizi, akanywa asali. Kisha siku moja katikati ya kule kunyonga, sauti ikakatika kabisa, Malkia akawa ananyonga kimyakimya, na depo ikasikia jenereta tu. Hospitalini walimwambia asiseme, na kwamba hata akipona, sauti ile ya zamani asiitegemee. Wakajaribiwa vijana. Wa kwanza alisema: "Sasa wanaingia. Sasa wanatoka." Alipigwa kwa maganda ya karanga. Wa pili alijisikia mwenyewe mno, akacheka kabla ya watu kucheka. Viti vikaanza kuwa vitupu. Mimi jikoni, nyuma ya shuka, nilikuwa nasema maneno yote chini kwa chini huku nageuza maandazi, na akina mama walioketi nami waliacha kuwasikiliza wale vijana wakanisogelea mimi.

Nililijua jambo lenyewe kwa kusikiliza ukutani. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nao walikuwa wamekaa upande wa pili, Mama Riziki na Katekista Stefano, na Papa Kashindi amekaa nao bila neno. "Mama, iyi kazi imeisha," alisema Katekista kwa upole wake. "Kashindi amenyamaza, labda ni Mungu. Utupatie iyi nyumba, tusaliake mule. Tutairudishia madirisha." "Kama Jumapili hii, Siku ya Mungu, haipatikane muntu wa kusema," akajibu Mama Riziki, "muchukue." Bakuli la sombe likaniponyoka. Sijui ni miguu gani iliyonipeleka upande wa pili. Najua tu kwamba nilijikuta mbele yao, mikono ya kijani, nasema: "Muntu iko. Ni minye."

Katekista hakucheka. Kwa hilo nilimheshimu. "Mutoto mwanamuke," alisema, "utasimama mbele ya banaume, useme maneno ya bafu, bale bamekufa, na ya bantu banaoga?" Nikamjibu: "Papa, nani aliosha bafu wa hii mutaa? Ni banawake. Tunabajua kuliko nyinyi." Mama Riziki akatazama pembeni, na nadhani alikuwa anaficha meno. Papa Kashindi alivua kofia yake akaiweka mikononi mwangu. Katekista akainuka. "Basi Siku ya Mungu nitakuya minye mwenyewe," akasema, "nikae mbele." Haikunijia hata mara moja kurudisha neno langu. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani wa serikali. Nilimwomba Papa Kashindi makopo, nikakaa nayo uani mchana, nikainua ukanda wa filamu juani, picha moja moja, nione hata mambo ambayo kinyume cha shuka kilinificha. Na hapo chini ya rundo, ndani ya kopo lililoshika kutu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, nikamkuta Malkia wangu mwenye alama shavuni. Kopo lake la mwisho, la kweli. Lile la jeneza na theluji lilikuwa mwisho wa filamu nyingine kabisa, yenye mwanamke mwingine na mwanamume mwingine. Miaka yote ile Nyamianda ilikuwa inaangalia kichwa cha mbuzi kwenye mwili wa ng'ombe! Nilijiona nimevumbua dunia. Sikuangalia jinsi kopo lile linavyoisha, nilijua tu kwamba ni sahihi, na kwangu mimi wakati ule kilicho sahihi kilitosha. Nitaanza kazi yangu, nilijiambia, kwa kuwapa watu filamu nzima kwa mara ya kwanza.

Siku ya Mungu ilipofika, baada ya misa, depo ilifurika. Walikuja kuniona nikianguka, na kuanguka nako ni sinema. Katekista Stefano alikaa benchi la mbele, Biblia juu ya mapaja. Nilivaa kofia ya Papa Kashindi ikanifunika mpaka nyusi. Nilipoanza sauti yangu ilitoka nyembamba, nikasikia mtu nyuma ananguruma, nikakumbuka wale akina mama wa jikoni, nikawasemea wao. Mto ukatiririka. Mamba wakapiga mkia. Mpagazi alipopewa mzigo nikamfanya aulize kama ndani kuna bibi wa mzungu au ni mawe tu, na kicheko kilichonirudia kilikuwa kizito, chenye joto, nikakisikia tumboni. Nikasimama wima. Hata kwenye kuoga niliweka kofia mbele ya taa, nikavua kiatu kimoja kwa muda mrefu kuliko Papa Kashindi mwenyewe, na Katekista akaifungua Biblia gizani.

Kisha nikampa Papa Kashindi kopo la kutu. Alilishika. Alilisoma, ingawa alijua. Akanitazama kwa muda, akafungua mdomo, sauti ikakataa, akafunga mdomo. Angeweza kutikisa kichwa. Hakutikisa. Alilifungua, akaupitisha ukanda kwenye meno ya mashine kwa vidole vyake vya taratibu, akawasha.

Nikaona pamoja na watu wote. Malkia anaelea, anasukumwa na maji mpaka mchangani. Amekufa. Mwindaji anashuka, anaweka kiatu chake juu ya bega la Malkia, anapigwa picha. Anaupanda mtumbwi pamoja na msichana mwingine, safi, mwenye kofia nyeupe, wanabusiana, dhahabu miguuni pao. Wapagazi wanapiga makasia wanaimba. Herufi. Mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye giza lile nikasikia sauti ya Mama Sifa, wakati huo msichana kama mimi, beseni la ndagala kwenye miguu yake: "Na bakamuacha pale muchangani?" Halafu depo ikalipuka. "Uongo!" "Iyi si filimu yetu!" "Kashindi hakutuambiaka hivi!" "Rudisha jeneza!" Katekista Stefano akasimama, na kusema kweli alionekana ametulia, kama mtu aliyetabiri mvua na ikanyesha. "Basi, bandugu, imeisha," akasema. "Mwenye zambi amekufa. Tutoke."

"Bado!" nilipiga kelele. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, hasira na mwindaji, hasira na kiatu chake, hasira na ule usahihi wangu. "Ikaleni! Nani amesema amekufa? Papa, tia ile ingine." Papa Kashindi akaanza kubadilisha kopo, na kazi ile haikuwa ya kuharakishwa. Shuka ilikuwa tupu, haina hata kivuli. Nilikuwa na giza, jenereta, na watu nusu wamesimama, nusu wameketi.

"Bamemuacha muchangani," nikasema. "Sawa. Muchanga ni ya nani? Ni ya mamba. Mamba banakuya, moja, mbili, banamuvuta muzuri kwa nywele, banamurudisha ndani ya maji. Ule mutoni unaingia mu mutoni ingine. Ule ingine unaingia mu Ruzizi." Watu wakaguna. "Ndiyo, Ruzizi yetu! Anapita pale, bantu ba Sange banalima muchele, banaona maji inasimama, hawajui ni nini. Anatokea ku ziwa. Nywele iko inatoka maji. Anasimama ku muguu yake, anatembea mupaka Kavimvira, ku douane, pale banaulizaka karati ya kuvuka." Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Wengine wakaanza kuketi. "Wa douane anamuuliza: Mama, karati yako iko wapi? Hana. Unatoka wapi? Kwenye maji. Unabeba nini? Hakuna kitu. Basi unaenda kufanya nini kule ngambo? Anamuambia: Ninaenda kwa bwana moja, alisahau kitu kwetu. Alisahau nini? Malkia anamuangalia mu macho." Nikanyamaza kama nilivyofundishwa na kofia. "Alisahau kuniua muzuri."

Sijui kama nimewahi kusikia tena sauti kama ile iliyotoka kwenye depo. Wanawake walipiga vigelegele vya harusi. Na wakati huohuo, kama aliyepimiwa muda, Papa Kashindi akawasha mashine na theluji ikaanguka juu ya shuka. Hakuna aliyejali alama ya shavuni. Jumba, ngazi, jeneza. Nikashusha sauti mpaka ikawa punje. Mkono ukatokea pembeni. Mwindaji amekaa mbele ya moto, amelipa jeneza mgongo, anakunywa. Na mtu wa kwanza kuruka kwenye benchi, Biblia imeanguka miguuni, alikuwa Katekista Stefano. "Weye muzungu!" alipiga kelele. "Inyuma yako! Angalia inyuma!" Kisha akakumbuka yuko upande wa nani, akageuka tena kwenye shuka, akanguruma: "Mushike, Mama! Mushike!" Depo yetu haikuombwa tena.

Watu walipotoka nilibaki nakunja mablanketi. Papa Kashindi aliniita kwa kidole. Aliweka mdomo karibu na sikio langu, na ile pumzi iliyotoka, isiyokuwa sauti, naisikia hadi leo. "Kule klabu," alisema, "nilisimamaka inyuma ya mashine. Bakubwa banaangalia iyo filimu, banaangalia tena. Kila mara banamuua ule muke, kila mara banapiga mikono. Minye niko nazungusha tu." Akaigusa mashine. "Nikasema, siku mashine itakuwa yangu, hatakufa tena." Nilimuuliza kwa nini basi aliniacha niliweke lile kopo. Akachukua kofia kichwani mwangu, akaitazama, akanirudishia. "Ulikuwa unataka kuona," alinong'ona. "Sasa umeona. Na umejua cha kufanya." Nililia pale juu ya mablanketi ya Mama Riziki, kwa furaha na kwa uchovu, na sikuona haya.

Walimu walirudi kazini mwaka uliofuata, nikamaliza shule, nikafundisha, nikazaa, nikazika. Lakini kila mchana wa Siku ya Mungu kwa miaka mingi nilikuwa na mahali pa kusimama. Kofia nilimrudishia Papa Kashindi siku mashine ilipoacha kabisa kuzunguka, akaivaa mpaka ukingo ukachakaa. Depo haipo tena. Maji ya ziwa yalipopanda yalipita huko chini yakachukua kuta, na makopo yakachukuliwa nayo, lile la kutu na lile la theluji pamoja. Mjukuu wangu ametafuta kwenye simu yake hiyo Malkia wa Mamba, hajaipata, na mimi nimemwambia asijisumbue. Akiipata, ataikuta inaishia mchangani.

Basi pale matangani, walipopiga makofi, nilisimama. Katekista Stefano alikuwepo, mzee sana sasa, ameinamia fimbo yake, jicho moja limefunikwa na ukungu. "Faida," aliniuliza mbele ya watu wote, kwa ule upole wake, "minye niko karibu kumufuata. Kashindi iko wapi sasa? Utuambie weye, unajua bafu." Yeye aliyewafundisha watu hayo maisha yake yote ananiuliza mimi. Watoto wa marehemu walikuwa wamekaa chini, macho yamevimba. Hakukuwa na shuka, wala mashine, na jua lilikuwa kali juu ya uwanja. Nilienda mpaka kwenye kile kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, nikaichukua kofia, nikainyanyua juu mpaka ikaziba jua na kivuli chake kikaangukia nyuso za waliokaa mbele.

"Ikaleni muzuri," nikasema. "Kofia iko mbele ya mashine. Hamuoni kitu. Kashindi amefika ku mutoni. Sasa anavua kiatu."